Mbweha Katika Kitabu cha Zamu

Jambo lote liligharimu riali mia tisa arobaini na mbili, na kuku kumi na watatu. Nimejumlisha mara mbili, kwanza kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na pande zote zimekubaliana. Kuku sikuwatia bei kwa sababu hawakuwa wangu. Mayai yao ndiyo yalikuwa yangu, theluthi moja, na hiyo theluthi niliipigania kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kabla ya kuku nilikuwa mtu wa geti. Miaka mitatu nilisimama mlangoni mwa jengo refu la vioo kule Lusail, jengo ambalo likipokea jua halikai nalo, linakurudishia wewe usoni. Kulala tulilala Industrial Area, watu wanane chumba kimoja, na saa kumi na nusu alfajiri basi la kampuni lilikuwa linapiga honi nje kana kwamba tumeliibia. Mtu wa nyumbani akiniuliza kwa simu Doha ikoje, nilimwambia ni nzuri, na sikudanganya. Niliiona kila siku dirishani mwa basi.

Siku moja msimamizi wetu akasema kuna shamba la familia moja kaskazini mwa mji, mlinzi wao amekwenda likizo, nani anakwenda kumshikia kwa wiki mbili. Wenzangu wakaangalia viatu vyao. Shamba maana yake hakuna duka, hakuna mtandao, hakuna watu. Mimi nikauliza kama kuna chumba cha mtu mmoja. Akasema kipo. Nikauliza tena. Akasema kipo. Nikachukua begi.

Yule mlinzi hakurudi, alipata kazi kwao. Wiki mbili zangu zikawa mwaka na miezi minne, na bado zinaendelea.

Wenye shamba huja Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi. Kuna mitende, kuna sebule kubwa ya wageni, kuna banda la kuku na uwanja wake, halafu ua wa waya, halafu mchanga mpaka macho yachoke. Kwa karatasi, mwenye shamba ni kijana wa familia, mwanamume wa miaka thelathini hivi anayependa michezo. Kwa ukweli, mwenye shamba ni mama yake, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Mama Kubwa. Anakuja na mpishi wake, mwanamke wa Kampala aliyekaa naye miaka kumi na mmoja na anayekiongea Kiarabu kama anayemgombeza mtu. Mimi namwita Dada. Yeye ananiita Askari, na sijawahi kusikia cheo kikitamkwa kwa dharau tamu namna ile.

Siku yangu ya kwanza Mama Kubwa alielekeza fimbo yake bandani, akauliza kitu.

"Anataka kujua wako wangapi," Dada akanitafsiria.

Nikahesabu. Nikazunguka upande wa pili nikahesabu tena. "Thelathini na wanne."

Mama Kubwa akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Yule aliyekuwepo kabla yako, mwaka mzima akiulizwa alikuwa anajibu 'wengi'."

Ijumaa ya pili nikaleta habari ya mayai. Nilianza na nusu. Mama Kubwa akasema robo. Nikasema nusu, lakini nitaosha banda kila siku. Akasema banda utaliosha hata hivyo, ndiyo kazi. Nikasema basi nitaliosha nikiimba. Akaniambia niimbe kwanza asikie. Niliimba ubeti mmoja, akasema theluthi, kwa sharti kwamba nisiimbe tena. Mayai yangu nilikuwa nawauzia wauguzi wa kwetu mjini, wanaoapa kwamba yai la dukani kiini chake hakina rangi. Walikuwa wananisubiri Jumamosi kuliko wanavyosubiri mshahara.

Sasa lazima nieleze kuhusu kitabu. Mlinzi yeyote wa Kenya aliyepita mafunzo anajua kitabu cha matukio, tunachokiita OB. Kila kinachoingia kinaandikwa saa ya kuingia, kila kinachotoka kinaandikwa saa ya kutoka. Shambani hakuna aliyeniomba niandike. Mkono ndio ulioomba. Nilinunua daftari kwa riali saba, muuzaji alitaka kumi, na kila asubuhi nikaandika: zamu imeanza, hali shwari, kuku thelathini na wanne. Jioni: kuku thelathini na wanne. Zaidi ya mwaka kitabu kilisema hivyo hivyo, na nilikisoma kwa raha kama mtu anayesoma barua ya mpenzi asiyebadilika.

Halafu baridi ya Desemba ikaingia, na asubuhi moja nikaandika thelathini na watatu.

Kwanza nilimshuku mpishi wa shamba la jirani, ambaye siku moja alikuwa amesifia kuku wetu kwa sauti niliyoiona ya njaa. Naomba radhi kwake hapa, maana ana kwa ana nilishindwa. Siku ya tatu nikaona nyayo kwenye mchanga uliolowa umande, ndogo, zimepangana mstari mmoja kama mshono wa cherehani, na manyoya mawili yamenasa kwenye ua. Siku ya nne nikamwona mwenyewe. Mbweha. Mwembamba, rangi ya mchanga, masikio makubwa kuliko mahitaji yake. Alipita chini ya waya bila haraka, akatazama banda, akatazama mlango wangu, kama mkaguzi aliyetumwa na wizara. Nikafanya nilichofundishwa: nikaandika saa ya kuingia. Alipotoka na kuku mdomoni, nikaandika saa ya kutoka. Kati ya saa hizo mbili nilikuwa natafuta kiatu.

Usidhani nilikaa tu. Niliwafungia kuku mpaka jua litoke vizuri. Wakagoma kutaga siku tano na Mama Kubwa akaamuru wafunguliwe alfajiri kama walivyozoea. Nilinunua tochi kubwa, riali themanini na tano. Nilinunua waya, mafungu mawili, riali tisini na tano kila moja, nikauzika chini ya ua. Mbweha akachimba kwingine, mahali ambapo hata mimi sikujua ua unafika. Kila wiki namba ikashuka, na ilipofika ishirini na tano kijana mwenye shamba akaingia kwenye hesabu.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula, tumekaa nje kwenye jua la baridi. Yeye alikuwa na mpango wake wa siku nyingi: pale penye banda la kuku pajengwe uwanja wa padeli, ule mchezo wa raketi unaochezwa ndani ya kuta za vioo. Akamwonyesha mama yake picha kwenye simu.

"Kuku wenyewe wanaisha, Yumma," akasema. "Mbweha ananisaidia kusafisha kiwanja."

Mama Kubwa alikunywa kahawa yake yote kabla ya kujibu. Kisha akasema, na Dada akanitafsiria sikioni neno kwa neno: mwezi ukiisha na kuku wako chini ya ishirini, banda ni lako, jenga. Wakiwa ishirini au zaidi, nisisikie tena hiyo padeli mpaka nizikwe.

"Na mlinzi?" kijana akauliza, akinitazama kwa huruma ya kweli, maana si mtu mbaya.

"Uwanja wa padeli una kamera. Mlinzi atarudi kampuni," mama yake akajibu.

Dada akamaliza kutafsiri, akanong'ona kwa faida yake mwenyewe: "Bambi, maskini wewe, Askari. Lusail inakuita."

Usiku ule sikulala vizuri. Niliona basi. Niliona vioo. Niliona vile vitanda vinane na yule jamaa wa kitanda cha juu anayekata kucha saa sita. Ishirini na tano kutoa ishirini ni tano. Nikatoa mara ya pili. Tano.

Jumatatu nikaomba ruhusa nikapanda gari la maji mpaka Industrial Area, kwa fundi mmoja Mpakistani wa kuchomelea vyuma, nikamwelezea mtego wa sanduku, mlango unaoanguka wenyewe.

"Mia tatu," akasema.

"Natega mbweha, sitegi simba."

"Mia mbili na hamsini. Chuma kimepanda."

"Mia na hamsini, na nitawaambia watu ni kazi yako."

"Ukiwaambia watu watakuja kuomba bei hiyo hiyo. Mia na tisini, na usimwambie mtu."

Tukaachana kwa mia na sabini, na ndiyo maana hapa simtaji. Ulikuwa mtego mzuri kabisa. Ulimkamata paka wa shamba mara mbili, na mara ya pili nadhani aliingia kwa hiari, kwa sababu ya samaki. Mbweha alikuja, akauzunguka, akakojolea kona, akachukua kuku. Ishirini na nne. Baada ya siku mbili, ishirini na tatu. Kisha ishirini na wawili. Wamebaki wawili kabla ya mstari, na mwezi umebakiza siku kumi na tatu.

Hapo ndipo Mama Kubwa alipompigia simu kaka yake.

Mjomba, ndivyo tulivyomwita wote, ni mzee mrefu mwenye mgongo ulionyooka na ndevu nyeupe zilizochongwa. Alifika Jumatano jioni, siku moja kabla ya kawaida ya familia, pamoja na Mama Kubwa na Dada, na gari la wazi nyuma, blanketi, birika, na bunduki nyembamba ndani ya mfuko wa ngozi. Kibali cha bunduki alikuwa nacho, na karatasi ya ruhusa ya kumpiga mbweha anayesumbua mifugo alikuwa nayo pia, imekunjwa mfukoni. Aliionyesha kwanza kabla hata ya kunywa maji. Sisi wageni bunduki hatugusi, hata kuipangusa vumbi, na mimi sikuwa na hamu. Hamu yangu ilikuwa namba.

"Mbweha anakuja saa ngapi, Rafiki?" akaniuliza. Wote wanaofanya kazi kwa mikono yeye huwaita Rafiki.

Nikaingia ndani nikamletea kitabu.

Alivaa miwani. Herufi zangu hakuzijua lakini saa alizisoma, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka. Nikaona bega moja linatikisika, kisha la pili. Akamwita Mama Kubwa aje aone. "Njoo utazame," akasema, "mlinzi wako amemwandika mbweha kama mgeni rasmi. Kuingia, kutoka, na amebeba nini."

"Na hapa ameandika nini?" Mama Kubwa akaelekeza safu ya mwisho.

Dada akasoma, akaziba mdomo. "Sababu ya kuja. Ameandika: binafsi."

Lakini Mjomba alipomaliza kucheka akafunga kitabu taratibu, kama kitu cha thamani. Alisema wawindaji hukaa wiki nzima kwenye mchanga kutafuta hicho nilichokiandika kwa kalamu ya riali moja. Mbweha wetu alikuwa anaingia kila mara kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na saa kumi na mbili na robo, mwanga ukiwa umeshaanza, upande wa kaskazini.

Alhamisi mchana akapanga. Atakaa juu ya kibanda cha pampu ili apige kuelekea chini, risasi iingie ardhini. Nyuma ya shabaha kuna kilima cha mchanga kilichoachwa na magreda. Kusini kuna nyumba za majirani, upande huo bunduki haitazami hata ikiwa haina risasi. Hapigi kivuli, hapigi masikio, anapiga mnyama anayemwona mzima. Kisha akaelekeza tangi la plastiki la maji lililokuwa karibu na kilima.

"Lile lisogeze hatua ishirini."

Tangi lilikuwa na maji, na mgongo ni wangu. Nikalisukuma kwa nyenzo na matusi hatua kumi na tano, nikatazama, nikaona zinatosha. Ni tabia. Hata hatua nazipunguza bei.

Alfajiri ya Ijumaa, Mjomba aliswali, akapanda juu ya kibanda, akalala kifudifudi juu ya blanketi. Mimi nilikaa nyuma yake na kitabu changu na tochi. Baridi ilikuwa ya kukaza meno. Dada alikuwa anachungulia dirisha la jikoni. Kuku wakaanza kushuka mmoja mmoja, wakijinyoosha. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane, mbweha akapita chini ya ua.

Nataka nieleweke. Miaka mitatu mtu akivuka mstari fulani mbele yangu nilikuwa nasimama, namulika, nauliza. Si akili inayofanya hivyo, ni miguu. Mjomba akavuta pumzi, mbweha akasimama mzima mbele ya kilima, na mimi nikasimama wima juu ya paa, nikamulika tochi ya riali themanini na tano, na kwa heshima zote za kazi nikamuuliza:

"Habari ya asubuhi, mheshimiwa. Ghorofa ya ngapi?"

Mjomba alishtuka. Bunduki ikalia. Mbweha akatoweka kama hajawahi kuwepo. Tangi la maji, hatua kumi na tano kutoka lilipokuwa, likatoa mchirizi mwembamba wa kupendeza, na kuku wakalikimbilia kunywa.

Kisha dirisha la jikoni likafunguka.

"Askari," Dada akasema. "Anauliza lifti iko wapi."

Mjomba alishuka, akapima kwa hatua kutoka alama ya zamani ya tangi mpaka lilipo. Alihesabu kwa sauti. Kumi na tano. Akanitazama. Nikatazama tangi.

"Nilikwambia ngapi?"

"Ishirini, Mjomba."

"Nani amepiga?"

"Wewe, Mjomba."

"Basi nusu yako, nusu yangu." Na ndipo akaanza kucheka, akakaa chini kwenye mchanga uliolowa na kucheka mpaka Mama Kubwa akatoka kuuliza nani amekufa.

Jumamosi asubuhi mvua ikanyesha na mbweha hakuonekana. Jumapili Mjomba alikuwa na shughuli mjini, na mbweha akachukua mmoja. Ishirini na mmoja. Familia ilikuwa imekwenda, lakini Dada na Mama Kubwa walibaki wiki ile kwa ajili ya hewa, ndivyo walivyosema, ingawa mimi najua Mama Kubwa alibaki kwa ajili ya vita.

Jioni ile nikakaa na kitabu. Nilikihesabu kama kawaida, na kama kawaida nikarudia. Marudio ndiyo yaliyonisimamisha. Jumanne moja niliandika: kuingia saa kumi na mbili kasoro dakika nane, kuingia saa kumi na mbili na dakika nne, kutoka saa kumi na mbili na dakika saba. Nilikuwa nimedhani nimekosa kumwona akitoka mara ya kwanza. Nikarudi nyuma. Kulikuwa na siku nyingine nne za namna hiyo, kuingia mara mbili, na kati yake dakika zile zile kumi na mbili. Getini, ukiwa na kuingia kuwili bila kutoka katikati, ama mlinzi alisinzia ama watu ni wawili. Mimi sisinzii. Kwa shilingi labda, kwa riali hapana.

Mbweha wawili, kuku ishirini na mmoja. Asubuhi moja nzuri kwao, kila mmoja na wake, na sisi tuko kumi na tisa.

Mjomba aliporudi Jumatatu nikamwambia. Hakuafiki. Alisema amefuata mbweha tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na nyayo zile ni za mnyama mmoja.

"Nyayo hazina saa," nikasema. "Kitabu kina saa."

"Kitabu kimeandikwa na mtu aliyemuuliza mbweha ghorofa."

"Kweli. Lakini aliuliza kwa wakati."

Dada alitafsiri hilo kwa furaha kubwa kuliko lilivyostahili. Mjomba akasema tutaona. Tangi nilikuwa nimeshalisogeza, hatua ishirini na tano, tano za kuomba radhi. Tochi ilichukuliwa na Dada, akaifungia kabatini na sufuria, na akaniamuru nikae juu ya mikono yangu. "Na mdomo, ssebo, bwana wangu, weka skafu."

Jumanne alfajiri hapakuwa na upepo. Mbweha alipita chini ya ua saa kumi na mbili kasoro dakika saba. Nilikaa juu ya mikono yangu. Alisogea, akasimama, akageuza ubavu, nyuma yake kilima kizima cha mchanga. Bunduki ikalia mara moja, sauti fupi, na akalala pale pale bila kuhangaika. Mjomba akanong'ona dua, akatoa risasi, akaanza kukusanya blanketi.

"Mjomba, kaa," nikasema kupitia skafu.

"Imekwisha, Rafiki."

"Dakika kumi na mbili. Kama hakuna kitu, nitalipa tangi lote."

Sijui kama ni heshima kwangu au ni hamu ya kutolipa, lakini alilala tena. Nilikuwa na saa yangu mkononi na mkono chini ya makalio, kwa hiyo niliziona dakika zile kwa shida. Kuku wakatulia. Mwanga ukapanda. Dakika ya tisa Mjomba alinitazama. Dakika ya kumi na moja alinitazama tena. Ya kumi na mbili hakunitazama, kwa sababu chini ya ua, mahali pale pale, masikio mawili makubwa yalikuwa yanaingia.

Alingoja mpaka mnyama alipotoka mzima. Risasi moja.

Tukashuka. Wakiwa wamelazwa pamoja walikuwa wadogo kuliko hasara yao, dume na jike, manyoya safi, nyayo sawa kabisa kwa ukubwa. Mjomba alimkagua jike kwa makini, akasema hana mimba wala hanyonyeshi, hakuna watoto wanaosubiri mahali. Niliona uso wake umelegea aliposema hivyo, na wangu pia. Tukachimba shimo refu mbali na ua. Nilipofungua kitabu kuandika, nilijaza saa za kuingia, zote mbili. Safu ya kutoka niliiacha wazi.

Mjomba alikuwa amevaa farwa, lile koti refu zito lenye manyoya ya kondoo ndani, la kahawia, limetariziwa kolani. Alilivua. Akanivalisha mbele ya Mama Kubwa na Dada, akanifunga mpaka shingoni kama mtoto anayepelekwa shule.

"Wawili," akasema. "Miaka hamsini nimewinda, na nimefundishwa na mtu wa lifti."

Mama Kubwa akagonga fimbo chini mara mbili, ambayo kwake ni ngoma. Dada akapiga kigelegele kilichowatoa hata majirani wa kusini, na mpishi wa jirani, yule niliyemshuku, akaja na mkate wa moto. Tulikula mayai asubuhi ile, mengi, na sikuyahesabu. Baadaye nilihesabu maganda. Kumi na tisa.

Mwezi ulipoisha kijana mwenye shamba alikuja kuhesabu mwenyewe. Kuku wanatembea, na yeye hajazoea watu wasiosimama. Mara ya kwanza alipata kumi na nane, akatabasamu. Mara ya pili akapata ishirini na watatu. Nikamwomba asogee, nikawahesabia, mara moja kutoka kulia, mara moja kutoka kushoto. Ishirini na mmoja. Alinipa mkono kama mwanamichezo. Padeli anaenda kuicheza mjini, na leo kuku ni arobaini, kwa sababu matetea watatu walilalia. Theluthi yangu imekuwa nusu. Mama Kubwa alisema ndiyo fidia ya waya na mtego, na kwamba ruhusa ya kuimba bado haijatoka.

Kwa hiyo daftari, tochi, na riali sitini za chai ya maziwa na iliki aliyokunywa Mjomba juu ya kibanda, hayo nimeyameza. Kilichobaki ni tangi jipya. Riali mia nne na thelathini. Muuzaji alitaka taslimu, na siku ile kwenye familia nzima hakuna aliyekuwa na noti, wote wanalipa kwa simu, nikatoa mimi. Nusu yangu ni mia mbili na kumi na tano. Nusu ya Mjomba ni kiasi hicho hicho, nimegawa mara mbili. Hajalipa. Si kwamba amekataa, ni mtu mkarimu mno kukumbuka kitu kidogo kama hicho.

Tatizo ni koti. Nilienda sokoni kuuliza bei ya farwa kama ile. Muuzaji alisema mia nne na themanini, na bila nia ya kununua nikamshusha mpaka mia tatu na tisini. Sasa kama koti lilikuwa malipo ya tangi, Mjomba amezidisha, na mimi ndiye ninayemrudishia mia moja sabini na tano. Kama lilikuwa zawadi, zawadi hairudishiwi hesabu, na mia mbili na kumi na tano zangu bado ziko kwake. Nimemuuliza Dada. Amesema mtu anayewaza hivi angeachwa tu Lusail.

Mjomba anakuja Ijumaa hii, na baridi bado ipo. Wewe unayesoma, ambaye pengine umewahi kumdai mtu aliyekuvisha, nishauri: nikienda kumkumbusha, niende nimelivaa au nimelivua?